Bikizee wa Simbi Alimtangulia Storm

Mei 1975 kampuni ya Marvel ya New York ilichapisha Giant-Size X-Men nambari 1, jarida la katuni lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Ndani yake kuna mwanamke mweusi, nywele nyeupe pe, anayeelea juu ya nyika ya Kenya na kuita mvua huku watu wamempigia magoti. Halafu anafika mzungu mwenye kipara, Profesa Xavier, na kumweleza kwamba yeye si mungu bali ni binadamu aliyezaliwa na vinasaba vya ajabu, na kwamba dunia inamhitaji. Mwanamke anaondoka naye. Jina lake ni Ororo Munroe. Dunia inamjua kama Storm.

Kwa takriban nusu karne, kisa hicho kifupi kimezaa dai kubwa. Mashabiki wa katuni wanalirudia, na waandishi wanaopaswa kujua zaidi wanalirudia vilevile: kwamba shujaa wa kwanza wa kike wa Kenya mwenye nguvu za ajabu ni Storm, na kwamba kabla yake nchi haikuwa na mtu wa kumfananisha naye. Dai hilo lina nusu ya pili, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Inasemwa kwamba lawama ni ya hadithi zenyewe za Kiafrika, kwa kuwa humo mwanamke ni msaliti au ni mkosi. Za Waluo ndizo zinazotajwa sana. Uliza habari ya mwanamke katika ngano za Nyanza, na wa kwanza kutajwa atakuwa yule mke wa Lwanda Magere aliyefichua siri ya mumewe. Hufananishwa na Delila, na mazungumzo huishia hapo.

Dai hilo ni la uongo, mwanzo wake na mwisho wake. Na kama kuna mahali ambapo halipaswi kupita bila kupingwa, ni Asumbi, kwenye barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, penye misheni ya Kikatoliki, chuo cha ualimu na shule ya upili ya wasichana. Anayepanda matatu hapo asubuhi anaweza kufika Kendu Bay, kwenye Ziwa Simbi Nyaima, na jua bado liko juu. Akielekea Gwassi, atafika Nyandiwa, kwenye miamba ya Nyamgondho. Mashariki kuna Kisii, mji wenye wanawake wake wa kusimuliwa. Asumbi imezungukwa na mashujaa wa kike. Kinachokosekana ni wa kuwachora.

Storm mwenyewe apewe kwanza haki yake. Ni mhusika mkubwa, na ukubwa wake haukutokana na kuvaa joho na kurusha radi. Chris Claremont, aliyeandika X-Men tangu 1975 hadi 1991, alimpa historia katika toleo la 102 la mwaka 1976: baba, David Munroe, mpigapicha wa magazeti kutoka Harlem, mama, N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya, mtoto aliyezaliwa New York na kuhamia Cairo akiwa mdogo. Ndege inaiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez. Ororo anafukiwa chini ya kifusi kando ya maiti ya mama yake, na tangu siku hiyo hawezi kuvumilia kufungiwa mahali pembamba. Anakuwa mwizi wa mitaani Cairo. Kisha anatembea kwenda kusini, safari ndefu ya mtoto asiye na mtu, mpaka nchi ya mama yake, ambako mwanamke mzee aitwaye Ainet anamlea. Mwaka 1984 waandishi wakamnyang'anya nguvu zake zote, na mwaka 1986, katika toleo la 201, akamshinda Cyclops bila nguvu hizo na kuchukua uongozi wa kikosi cha X-Men. Hapo ndipo alipostahili heshima aliyonayo. Mtu anayeongoza kwa akili na moyo baada ya kupokonywa radi ni shujaa kwelikweli.

Lakini Kenya iko wapi katika habari hiyo yote? Cockrum alikuwa na michoro ya wahusika aliokusudia kuwatumia kwingine, mmoja wao mwanamke aliyeweza kujigeuza paka. Alipohitaji shujaa wa kike kwa X-Men, alichanganya sura ya mmoja na nguvu za mwingine. Storm alikamilika kwenye meza ya mchoraji kabla Kenya haijatajwa, na Kenya ilipokuja ilikuja kama mandhari. Katika simulizi zile za mwanzo watu wa mama yake hawana kabila linalojulikana, hawana lugha wala chakula. Nchi ya mababu inawekwa Serengeti, ambayo iko Tanzania. Wale wanaompigia magoti hawasemi neno la kukumbukwa. Wamewekwa pale ili msomaji aone kwamba huyu anaabudiwa, basi.

Hayo hayamfanyi Storm kuwa mbaya. Yanamfanya kuwa Mmarekani, na Wamarekani weusi wana kila haki ya kumpenda kama binti yao. Mwaka 2024 Marvel ilimkabidhi mwandishi Mnigeria, Murewa Ayodele, na hiyo ni hatua njema. Kosa ni la wale wanaosimama ukingoni mwa Ziwa Victoria na kusema kwamba kabla ya huyu hapakuwa na mwingine.

Basi na warudi kwenye ngano, wazisome kwa makini.

Waanze na yule aliyetukanwa zaidi. Lwanda Magere wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe, na mikuki ya Walang'o, ndio Wanandi, ilimgonga na kuanguka. Wazee wa Lang'o wakampa binti awe mke wake. Siku moja Lwanda akaugua, akamwambia amchanje dawa kwenye kivuli badala ya mwilini. Binti akachanja, kivuli kikatoa damu. Usiku ule akatoroka kwao na kuwaambia alichokiona, na vitani mkuki ukapigwa kwenye kivuli. Lwanda akawa jiwe, ambalo hadi leo huonyeshwa huko Kano.

Mwanamke huyo alitumwa peke yake kuishi katika nyumba ya adui ambaye jeshi zima limeshindwa kumgusa. Hakuwa na silaha, na kama angegunduliwa hapakuwa na wa kumwokoa. Akagundua siri moja ambayo hakuna mganga wala mpiganaji wa kwao aliyewahi kuiota, akavuka nchi gizani, akawaokoa watu wake. Akifanya hivyo mwanamume huitwa jasusi hodari na hutungiwa nyimbo. Marvel yenyewe ina mhusika wa namna hiyohiyo: Black Widow, aliyetokea mwaka 1964 kama jasusi wa Kisovieti aliyetumwa kumdhuru Tony Stark. Alianza kama adui, na mwaka 2021 akatengenezewa filamu yake. Hakuna anayemwita Delila. Atakayejibu kwamba binti wa Lang'o alikuwa shujaa wa Wanandi na si wa Waluo amekwisha kukubali kwamba alikuwa shujaa. Na asisahau kwamba ni Waluo walioitunza hadithi yake, wakakiri kizazi baada ya kizazi kwamba mtu wao asiyeshindika alishindwa na akili ya msichana mmoja.

Kwa Nyamgondho mambo ni wazi zaidi. Nyamgondho wuod Ombare alikuwa mvuvi fukara wa Gwassi. Siku moja alinasa bikizee badala ya samaki, akampeleka nyumbani, na tangu siku ile ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaongezeka mpaka boma likawa dogo. Akaoa wengine, akawa mlevi na mwenye majivuno. Usiku mmoja alirudi akakuta lango limefungwa, akamtukana bikizee kwa kumkumbusha alikomtoa. Bikizee hakujibu matusi kwa matusi. Aliondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata hadi majini. Mume akabaki ufukoni ameegemea fimbo yake, na hapo ndipo alipogeuka kuwa mti. Wenyeji wa Nyandiwa bado wanawaonyesha wageni alama za kwato kwenye mwamba.

Madarasani hadithi hii imekuwa mahubiri dhidi ya pombe na kiburi. Hilo limo, lakini si kiini chake. Utajiri haukuwa wa Nyamgondho hata siku moja. Ulikuwa wake yeye aliyetoka majini, na ng'ombe walijua, ndiyo maana hawakungoja kuswagwa. Mwenye nguvu katika hadithi hii ni mmoja tu, na jina la hadithi ni la yule mwingine.

Na sasa Simbi, ambayo inatosha peke yake kulivunja dai lote. Ziwa Simbi Nyaima ni la mviringo na halina mto unaotoka. Maji yake ni ya magadi, mazito kwa ukijani, yasiyonyweka, na makundi ya heroe hushuka hapo kula. Wanajiolojia wanalieleza kuwa shimo la mlipuko wa volkano. Masimulizi yanaeleza hivi: palikuwa na kijiji, na usiku mmoja kulikuwa na ngoma na pombe. Akaja bikizee mgeni, amechoka, anaomba mahali pa kujisitiri. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Bikizee akamwambia amwite mumewe waondoke kijijini mara moja. Mke akaenda kumbembeleza mume, naye, akiwa amelewa, akakataa kuiacha ngoma. Mke akaondoka. Mvua ikashuka, maji yakapanda, kijiji kikazama na watu wake.

Huyu naye anaamuru mvua, kama Storm. Lakini tazama jinsi anavyoitumia. Hapigi kwanza kisha akauliza. Anaomba, na ombi lake ni mtihani ambao kijiji kizima kinafanya bila kujua. Anamtafuta mwenye haki mmoja na kumpa njia ya kutoka, yeye na jamaa yake. Hukumu inakuja baada ya yote hayo, na ikija haina mlango wa nyuma, hata kwa mume wa mwenye haki. Ana nguvu, ana sheria na ana huruma yenye mipaka. Waandishi wa katuni wa New York walihitaji miaka mingi na matoleo mengi kumfikisha Storm kwenye uzito wa namna hiyo. Bikizee wa Simbi aliufikia katika usiku mmoja, na hakutokea profesa wa kumwambia kwamba yeye si kitu alichodhani.

Aliyekuwa akisimulia naye ana sehemu yake. Katika boma la Waluo wa zamani kulikuwa na siwindhe, nyumba ambamo watoto, hasa wasichana, walilala na kufundwa na mwanamke mzee aliyeitwa pim. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameeleza jambo hili katika kitabu chao kuhusu Siaya cha mwaka 1989, na wanaonyesha kwamba pim mara nyingi alikuwa mgeni, mwanamke kutoka ukoo mwingine. Elimu ya watoto ilikuwa mikononi mwake. Ukilijua hilo, bikizee mgeni anayefika kijijini usiku haonekani tena kama kichekesho wala kitisho. Wasichana waliosikiliza hadithi ya Simbi waliisikia kutoka kwa mwanamke mzee mgeni. Walifahamu vizuri nani ana nguvu humo.

Hadithi zilipotoka siwindhe na kuingia vitabuni na jukwaani, majina ya wanaume yalisafiri nazo na wanawake wakaachwa njiani. Lwanda Magere alipata tamthilia ya Okoiti Omtatah mwaka 1991. Katika masimulizi yanayovuma, yeye ana jina, Nyamgondho ana jina, hata baba yake Nyamgondho ana jina. Binti wa Lang'o, bikizee wa Gwassi na bikizee wa Simbi hawana. Storm ana jina la kuzaliwa, jina la kazi, jina la mama na mtaa wa baba. Huo ndio upungufu wa kweli, na ni upungufu wa wasimuliaji wa siku hizi. Pim hahusiki.

Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, aliliona jambo hili mapema. Katika hadithi yake kuhusu mvua, iliyomo katika Land Without Thunder ya mwaka 1968, ukame umeshika nchi na binti wa chifu, Oganda, anatakiwa atolewe kwa dubwana la ziwani ndipo mvua inyeshe. Mpenzi wake Osinda anamtorosha. Mvua inanyesha. Inanyesha ingawa hakuliwa mtu! Ogot alichukua ngano inayodai damu ya msichana, akaonyesha kwamba mawingu hayakuihitaji. Hilo alilifanya angalau miaka saba kabla ya Storm kuitwa kutoka nyika ya kubuni.

Ikiwa ngano hazitoshi, historia ipo. Mwaka 1908, Kisii, nabii wa kike Moraa wa Ng'iti alimchochea Otenyo Nyamaterere hadi akamchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Northcote. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni hukohuko Kisii, mbali kabisa na pwani yake. Mwanzoni mwa 1914 alitoroka, na masimulizi yanasema alirudi kwao kwa miguu, akivuka karibu nchi nzima kuelekea baharini. Wanaoshangilia safari ya Ororo kutoka Cairo wana safari ya kweli ya kushangilia, na mwanzo wake si mbali na Asumbi. Miaka hamsini baadaye, Nyanza Kusini hiyohiyo, Gaudencia Aoko, mwanamke kijana, alikuwa miongoni mwa sauti kuu za mwanzo za kanisa la Legio Maria, akihubiri na kubatiza umati wa watu. Mtu anaweza kukubaliana na dini yake au asikubaliane nayo, lakini hawezi kusema kwamba nchi hii haikumjua mwanamke wa kusimama mbele za watu.

Watetezi wa dai hubakiwa na pingamizi moja la maana: ngano si katuni. Shujaa wa katuni, wanasema, huhitaji vazi, adui wa kudumu na kisa kinachoendelea kila mwezi. Ni kweli. Lakini hivyo ni vitu anavyoongezewa mhusika na mchoraji. Thor aliyeingia Marvel mwaka 1962 ni mungu wa radi wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na Wonder Woman wa mwaka 1941 ametolewa kwa Waamazoni wa hadithi za Kigiriki. Hakuna aliyewaambia Wamarekani kwamba ngano za Wagiriki si katuni. Walizichukua, wakazivika, wakaziuza dunia nzima.

Wala Kenya haikukosa mikono ya kufanya hivyo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alidumu miongo katika Taifa Leo. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mwaka 1973, na baadaye Hirst akageuza hadithi za jadi kuwa katuni katika mfululizo wa Pichadithia. Mwaka 2010 ulileta Shujaaz, ambamo Maria Kim ana nafasi yake, na mwaka huohuo Makmende, shujaa wa kiume, akaivuruga mitandao. Februari 2018 watu wa Kisumu waliandaliwa onyesho lao la Black Panther, wakimshangilia Lupita Nyong'o kama Nakia, binti wa kabila la mto katika nchi isiyokuwapo. Mwaka 2021 yeye huyohuyo alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa Super Sema, katuni ya studio ya Nairobi kuhusu msichana anayeshinda kwa sayansi na ubunifu. Kazi hiyo ni nzuri na watoto wanaipenda. Mji wa Sema, hata hivyo, umebuniwa. Ziwa Simbi lipo.

Kuna na sauti nyingine, ya chini zaidi, inayosikika sana maeneo ya misheni: kwamba hadithi za bikizee wa majini ni za kishetani na hazifai watoto wa Kikristo. Wenye hofu hiyo wausome tena mlango wa 19 wa Mwanzo. Wageni wanafika mjini jioni, mtu mmoja anawakaribisha, wengine wanawafanyia ubaya, mwenye haki anaambiwa akimbie na watu wake, wakwe zake wanaona ni mzaha, na mji unaangamizwa. Mtoto wa Asumbi anayefundishwa habari za Lutu kanisani hatapotea kwa kufundishwa habari za Simbi.

Mtaala wa umilisi unatoa nafasi kwa lugha za asili katika madarasa ya chini, na walimu wengi wa madarasa hayo katika Homa Bay na Migori hupitia vyuo kama cha Asumbi. Nafasi imo mikononi mwao. Mwalimu mwanafunzi arudi kwao likizo ijayo akiwa na daftari, amuulize nyanya yake kama amewahi kusikia jina la yule bikizee, na kama lipo aliandike kabla mwenye kulijua hajaondoka. Msichana wa shule anayejaza pambizo za daftari kwa michoro ya Storm apewe karatasi safi na aambiwe habari ya usiku ule wa Kendu Bay. Magavana wa kaunti hizi mbili watoe fedha za kuchapisha toleo la kwanza kwa Dholuo na Kiswahili, na walifikishe katika kila maktaba ya shule ya msingi.